Babu wa Miskolc, Mjukuu wa Glasgow na Mtumbwi Usio na Tajiri

Mwaka 2005 kundi la watengeneza filamu kutoka Uingereza lilipiga kambi ng'ambo ya ziwa letu, Kampala na Entebbe, kuigiza utawala wa Idi Amin. Filamu yenyewe, The Last King of Scotland, ilitoka mwaka uliofuata, na Februari 2007 Forest Whitaker, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili ili amvae Amin vizuri, akakabidhiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Huku kwetu, kama kwingineko, kilichozungumzwa kilikuwa sura ya Whitaker: jasho lile, kicheko kile, macho yanayobadilika ghafla. Mwongozaji, Kevin Macdonald, alitajwa kidogo. Ambao hawakutajwa kabisa ni wale ambao bila wao Whitaker asingepanda hata ndege: watayarishaji, au maprodyuza kama tunavyowaita mitaani. Mmoja wao ana jina la ukoo lilelile la mwongozaji kwa sababu ni kaka yake wa tumbo moja. Andrew Macdonald, mzaliwa wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1966, alikuwa mtayarishaji mtendaji wa filamu hiyo, na kampuni yake, DNA Films, ilikuwa miongoni mwa zilizoibeba.

Nje ya watu wa sinema, Mskoti huyu hana umaarufu wa kumsimamisha mtu njiani. Nimemchagua kwa sababu historia ya ukoo wake na ya kazi yake inagusa swali ambalo Kanda ya Ziwa imekuwa ikilijibu vibaya kwa muda mrefu: kwa nini hadithi za ziwa hili huishia kusimuliwa na watu waliokuja na begi na kuondoka na begi? Majibu tuliyozoea ni kwamba fedha hatuna, au vijana wetu hawajaiva, au wazungu wametufungia milango. Hoja yangu ni nyingine. Tunayemkosa ni mtu wa kazi moja mahususi, na mtu huyo hutokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja: ujuzi unaopokezwa kutoka mkono hadi mkono, na taasisi zilizo tayari kupoteza fedha kwa ajili yake.

Neno prodyuza limechakaa kwetu. Kwenye muziki ni fundi wa studio anayepiga biti. Kwenye Bongo Muvi mara nyingi ni mwigizaji mwenye jina aliyejilipia gharama, au mfanyabiashara aliyetoa fedha akapewa heshima ya kuandikwa mwanzoni. Kazi yenyewe hueleweka haraka mwaloni kuliko darasani. Chukua uvuvi wa dagaa. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, mara nyingi haingii majini. Lakini kabla giza la mwezi halijafika ameshamaliza hesabu zake: nyavu zimeshonwa, taa zimechajiwa (zamani zilikuwa karabai, leo ni za betri na sola), petroli ya injini ipo, wavuvi wamepatikana na mgao umekubaliwa, leseni haijaisha, na mama anayeanika dagaa anajua mzigo utatua saa ngapi. Hela pengine si yake. Amekopa kwa mtu ambaye naye anataka mzigo. Kazi yake ni kukusanya vitu ishirini ambavyo kimoja kimoja havivui hata dagaa mmoja, akahakikisha vyote viko majini usiku mmoja. Asipokuwepo yeye, mvuvi hodari kuliko wote wa Kirumba, Mwanza, hukaa ufukweni akitazama maji. Prodyuza ni huyo tajiri. Anatafuta muswada, anaununua au kuufunga kwa mkataba, anatafuta mwongozaji, anakopa, anaomba vibali, anawalisha watu sabini kwa wiki saba, kisha anauza. Tofauti kubwa ni moja: dagaa huliwa mara moja, filamu huendelea kuliwa miaka hamsini, na anayejua kushika hakimiliki ndiye anayeendelea kula.

Sasa turudi kwenye ukoo. Mama yake Andrew na Kevin ni binti wa Emeric Pressburger, na hapo ndipo watu huguna na kusema, ahaa, kumbe. Pressburger alizaliwa Miskolc, Hungary, Desemba 1902, katika familia ya Kiyahudi. Alifika Berlin akawa mwandishi wa miswada katika kampuni kubwa ya UFA, akaanza kusimama. Mwaka 1933 Hitler akaingia madarakani na Myahudi hakuwa tena na kazi UFA. Akakimbilia Paris, mwaka 1935 akaingia London, akiwa mgeni katika lugha ambayo baadaye ingemlisha. Mama yake aliyebaki nyuma aliuawa Auschwitz. London alikutana na Mhungary mwenzake aliyetangulia, Alexander Korda, mwenye studio, na Korda ndiye aliyemkutanisha na mwongozaji Mwingereza, Michael Powell. Mwaka 1943 mkimbizi huyu alipata Oscar kwa hadithi ya 49th Parallel, filamu ya vita. Mimi kinachonivutia zaidi ya tuzo ile ni maandishi yaliyokuwa yakitokea kwenye filamu za kampuni yao, The Archers: kwamba filamu imeandikwa, imetayarishwa na kuongozwa na Michael Powell na Emeric Pressburger. Majina mawili, kazi tatu, mstari mmoja. Ilijulikana kwamba Powell ndiye aliyesimama nyuma ya kamera na Pressburger ndiye aliyeketi na kalamu na hesabu, lakini walikataa kuigawa sifa vipande. Katika miaka ya 1940 wawili hao walitoa The Life and Death of Colonel Blimp, A Matter of Life and Death, Black Narcissus na The Red Shoes, filamu ambazo mpaka leo hufundishwa vyuoni.

Hapa napaswa kumsikiliza anayepinga, maana pingamizi lake lina nguvu. Atasema: maji hufuata mkondo. Huyu ni mtoto wa kishua, mjukuu wa mshindi wa Oscar, amesoma Glenalmond, shule ya bweni ya kulipia huko Perthshire. Unamlinganishaje na kijana wa Igogo ambaye babu yake alikuwa mkulima wa pamba Magu? Tusidanganyane, shule ya namna ile humjengea mtoto ujasiri wa kupiga hodi kwenye ofisi yoyote. Lakini tuangalie huyo babu alikuwa na nini cha kurithisha. Ushirika na Powell ulivunjika katika miaka ya 1950. Mtindo wao ukapitwa, na kwa muda mrefu jina la Pressburger halikufungua mlango wa studio yoyote. Alizeeka kimya kijijini Suffolk na kufariki Februari 1988, miaka sita kabla mjukuu wake hajatoa filamu yake ya kwanza ndefu. Hakuacha studio wala mtaji. Kama damu peke yake ingekuwa mtaji, basi Pressburger mwenyewe asingekuwa kitu, kwa sababu hakuna mtu wa sinema nyuma yake Miskolc.

Alichoacha ni kitu kidogo chenye uzito. Wajukuu walikua wakijua kwamba filamu hutengenezwa na watu, na kwamba mmoja wa watu hao hula nao mezani. Kwa mtoto wa mwaloni hakuna fumbo katika mtumbwi. Amemwona baba akiuziba kwa pamba na lami, anajua ubao ni wa mti gani na fundi ni nani. Kwa mtoto wa mjini mtumbwi ni kitu kinachoelea tu. Sinema kwa wengi wetu ni kitu kinachoelea. Kevin aliuchukua urithi huo kwa njia yake: akaandika wasifu wa babu yake uliotoka mwaka 1994, kisha akashika njia ya filamu za kweli, na mwaka 2000 akapata Oscar kwa One Day in September, kuhusu mauaji ya Olimpiki ya Munich. Andrew aliuchukua upande wa pili, ule wa hesabu. Alianza kwenye seti za watu kama kijana wa kutumwa, kazi ambayo faida yake pekee ni kwamba unaona kila idara na kila ugomvi.

Filamu yake ya kwanza, Shallow Grave ya mwaka 1994, ingefaa kusomwa na kila anayeota kuwa prodyuza Mwanza. Muswada uliandikwa na John Hodge, aliyekuwa daktari wa hospitali, hajawahi kuandika filamu. Mwongozaji, Danny Boyle, alitoka kwenye tamthilia za jukwaani na za televisheni. Bajeti ilikuwa kama pauni milioni moja, fedha ndogo mno kwa viwango vya huko, iliyotoka hasa kituo cha televisheni cha Channel 4, pamoja na mchango wa mfuko wa filamu wa mji wa Glasgow. Hadithi inatokea Edinburgh, lakini sehemu kubwa walipigia Glasgow ndani ya ghala, kwa sababu ndiko fedha zilikotoka. Zilipokaribia kuisha waliuza samani za seti ili wanunue mikanda ya kupigia picha. Narudia: waliuza viti walivyomaliza kuvikalia waigizaji, wakanunua mkanda wa picha inayofuata. Miaka miwili baadaye watu haohao watatu, prodyuza, mwandishi na mwongozaji, wakatoa Trainspotting kutoka riwaya ya Irvine Welsh, kwa kama pauni milioni moja na nusu, na dunia ikalipa zaidi ya dola milioni 70 kuitazama.

Glasgow si jina geni bandarini Mwanza. Meli ya MV Victoria, iliyobeba vizazi vya abiria na mikungu ya ndizi kati ya Bukoba na Mwanza, ilijengwa Scotstoun, Glasgow, kwenye karakana ya Yarrow, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miongo michache baadaye sehemu kubwa ya karakana za mto Clyde zilikuwa zimekufa na mji ulikuwa umejaa watu wasio na kazi. Mji wa namna hiyo, wenye kila sababu ya kusema kwamba una matatizo makubwa kuliko sinema, ndio ulioanzisha mfuko wa filamu. Nautaja kwa sababu pingamizi la pili hutokea hapa: Uingereza ni tajiri, sisi bado tunahangaika na maji ya bomba milimani Bugando na Mabatini, tutatoa wapi fedha za picha? Ni swali la haki. Hata hivyo fedha iliyomtengeneza Macdonald haikuwa ya utajiri wa kupindukia. Ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na utaratibu. Channel 4 ilipoanzishwa mwaka 1982 iliwekewa kanuni moja iliyobadilisha kila kitu: isitengeneze vipindi vyake yenyewe, inunue kwa watayarishaji huru. Kanuni hiyo haikugawa zawadi kwa msanii yeyote. Ilizaa kazi, na kazi ikazaa watu, kwa sababu ghafla kulikuwa na mnunuzi anayehitaji mamia ya matajiri wadogo wa mitumbwi.

Wala sisemi kwamba fedha ya umma haikosei. Mwaka 1997 Macdonald na mwenzake Duncan Kenworthy walianzisha DNA Films na kupewa pauni milioni 29 za bahati nasibu ya taifa, wazitumie kwa miaka kadhaa. Filamu zao za mwanzo zilichelewa, na nyingine zilipotoka zilipita kimya. Magazeti ya huko yakauliza, kwa sauti ambayo wasomaji wa ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali yetu, wataitambua, fedha za wananchi zimekwenda wapi. Kisha mwaka 2002 ikaja 28 Days Later, iliyopigwa kwa sehemu kubwa na kamera ndogo ya Canon XL1 ya kanda za MiniDV, ndugu wa karibu wa kamera walizotumia wapiga video za harusi. London tupu, asubuhi, mtu mmoja akitembea darajani. Ile ikalipa. Baadaye zikaja Never Let Me Go, Ex Machina na nyinginezo. Anayetaka kuona Ex Machina bila kuvumilia miaka ile ya aibu anataka dagaa bila usiku wa kuambulia patupu, na mwaloni hakuna biashara hiyo. Andrea Calderwood, Mskoti mwingine na mmoja wa watayarishaji wakuu wa The Last King of Scotland, anaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa taasisi: yeye aliivia BBC Scotland, alikoongoza idara ya tamthilia, na ujuzi wa ofisi ile ndio aliokwenda nao Kampala. Wengine hupokezwa na babu, wengine hupokezwa na ofisi. Asiye na kimojawapo huanza kila siku upya.

Mwanza tunaijua gharama ya kukosa vyote viwili, na tunaijua kwa jina: mapanki. Kwa msomaji wa mbali, mapanki ni kinachobaki cha sangara baada ya kiwanda kuchukua minofu; kichwa, uti wa mgongo na mkia, vimeshikana kama sega kubwa. Hukaushwa kwenye vichanja, hukaangwa, huliwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu iliyopigwa hapa, na picha za vichanja vile pamoja na ndege kubwa za Ilyushin zikitua uwanja wetu kubeba minofu kwenda Ulaya zikazunguka dunia. Ilipata César Ufaransa, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu za kweli. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na maandamano ya kuilaani yakafuata. Kwa maoni yangu filamu ile ilikuwa na jicho kali na ulimi mwepesi: iliona jambo la kweli kuhusu njaa inayokaa mlango mmoja na utajiri wa samaki, lakini dai lake zito, la ndege kuleta silaha, lilijengwa juu ya maswali na minong'ono kuliko juu ya picha. Tuliache hilo. Tuangalie upande wa nyuma wa kasha, palipoandikwa nani wametayarisha: kampuni za Austria, Ubelgiji na Ufaransa. Nchi tatu zisizo na tone la ziwa hili zilikusanya fedha, mwanasheria na msambazaji kwa ajili ya hadithi ya Mwanza. Sisi tulijibu kwa hotuba.

Baadaye tukajibu kwa sheria. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 yalimtaka mtengeneza filamu wa kigeni akabidhi kwa Bodi ya Filamu picha zote ghafi alizopiga nchini. Naelewa hasira iliyo nyuma ya kifungu hicho. Lakini kifungu kinadhibiti mtumbwi wa mgeni tu. Hakishoni hata wavu mmoja wa mwenyeji. Uganda walichagua vingine. Serikali ilipokea wageni wa The Last King of Scotland, ikawapa ushirikiano, na filamu ilipokamilika ikaonyeshwa Kampala Februari 2007 Whitaker na Rais Museveni wakiwemo ukumbini. Tayari tangu 2004 mwongozaji wa filamu Mira Nair alikuwa ameanzisha Maisha huko Kampala, karakana ya kufundisha watengeneza filamu wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Sidai Uganda imekuwa Glasgow. Nasema kwamba kijana aliyebeba nyaya kwenye seti ya Entebbe aliona mtumbwi ukiundwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalouma, kwa kuwa linatoka nyumbani: mbona maprodyuza tunao, Bongo Muvi imejaa? Imejaa kweli, na mfano wake bora alitoka Kanda hii. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akaenda Dar es Salaam kama wanavyokwenda wote, akawa mwigizaji, mwongozaji, mwandishi na mtayarishaji, akaanzisha kampuni yenye jina lake, akavuka mpaka hadi kuigiza na Wanigeria. Alipofariki Aprili 2012 alikuwa na miaka 28, na jiji lilisimama. Sifa zake sizipunguzi hata kidogo. Ninachouliza ni kuhusu muundo: kazi nne kichwani pa mtu mmoja, kampuni inayopumua kwa pafu la mtu mmoja. The Archers walikuwa wawili. Wa Shallow Grave walikuwa watatu, na A Life Less Ordinary ilipoanguka mwaka 1997 hakuna aliyezama peke yake. Tena soko la DVD la zama za Kanumba liliwazoesha watayarishaji kuuza haki zote kwa msambazaji kwa mkupuo, kama mvuvi aliyekopeshwa injini na wakala na sasa hawezi kumpelekea samaki mwingine yeyote kwa bei yoyote. Mtayarishaji aliyeuza kila haki hana cha kumwachia mjukuu, hata kama mjukuu yupo na ana hamu. Chaneli za ndani zinazonunua filamu za Kiswahili, kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, zimeanza kufanya kidogo kile Channel 4 ilichofanya, ila meza za kununulia ziko mbali na Nyamagana, na kijana wa huku huingia kwanza kwenye basi la usiku.

Kuna mfano mwingine wa karibu unaoonyesha kwamba urithi si lazima uwe wa sinema. Amil Shivji, mwongozaji wa Vuta N'Kuvute iliyochaguliwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ni mwana wa Profesa Issa Shivji, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye vitabu vyake kuhusu matabaka viliwakosesha wengi usingizi katika miaka ya 1970. Nyumba hiyo haikuwa na kamera za kurithisha. Ilikuwa na mabishano na rafu za vitabu. Kijana akaanzisha kampuni yake, Kijiweni Productions, akaichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi wa Zanzibar na kuifanya filamu. Mnyororo ni uleule wa Welsh, Hodge na Macdonald: riwaya ya nyumbani, mtu wa kuifunga kwa mkataba, kampuni ya kuibeba.

Na riwaya ndizo tulizonazo kuliko mahali pengi Tanzania. Ukerewe peke yake imetupa Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ina visa vya kutosha msimu mzima wa televisheni, na imetupa Aniceti Kitereza. Habari ya Kitereza inastahili kusemwa polepole. Alimaliza kuandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Mswada ukakaa. Kazi yenyewe ilikuwa tayari, kubwa, imejaa ufugaji na uganga na mapishi na kilio cha ndoa isiyo na mtoto. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikakaa. Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980, na mzee akafariki mwaka uliofuata. Miaka thelathini na mitano mswada mzima ulikuwa kisiwani, umekosa mtu wa kuufikisha upande wa pili.

The Last King of Scotland inaishia uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 1976, daktari wa kubuni wa Kiskoti akiponyokea ndani ya ndege ya mateka walioachiliwa. Kwa mtazamaji wa Glasgow hadithi imekamilika, Mskoti kapona. Kwa mtazamaji wa Mwanza hadithi haijaanza, kwa sababu Amin aliingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na vijana wa mikoa hii wakapanda malori kwenda kumtoa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kupiga Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na wanyama tangu 1964, na waliouawa wakawa swala kadhaa na ndege wa porini. Vita nzima ya ziwa iko ndani ya tukio hilo, pamoja na kicheko chake cha ajabu, na kisiwa chenyewe, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, kiko dakika chache kwa boti kutoka Capripoint. Mandhari ipo, bila kujenga seti. Anayehitajika ni wa kwenda kuwatafuta, kabla hawajaisha, wazee waliokuwa wakiwalisha wanyama wale, kuandikiana nao mkataba wa hadithi, kuomba kibali cha hifadhi, kumpata daktari fulani wa hospitali ya Bugando anayeandika usiku, na kupiga hesabu ya boti, mafuta na chakula cha watu sabini kwa wiki saba.